Miguu ya Sembe

Sembe alianguka mbele ya mgeni rasmi, na kabla chai ya wageni haijapoa ilikuwa imeshaamuliwa kwamba apasuliwe mgongo.

Halikuwa anguko la kuficha. Miguu ya mbele ilikwenda kushoto, ya nyuma ikaachana kama makali ya mkasi, tumbo likapiga sakafu, na mbwa yule mweupe akateleza kwa kifua hadi kwenye vidole vya mgeni. Watu wa wizarani walicheka. Kisha wakaona damu kwenye ukucha uliong'oka, wakanyamaza. Tone moja lilikuwa limeangukia sakafuni. Chini yake mwanga wa buluu ukawaka, tone likasinyaa kama maji kwenye kikaango cha moto, na kufumba na kufumbua pakawa pasafi. Sakafu ilikuwa imekula.

"Huyu ndiye anayenusa saratani ya kongosho?" mgeni rasmi aliuliza.

"Ndiye, mheshimiwa," alijibu Daktari Mligo, mkuu wa Hospitali ya Kipengere. "Anaijua kabla mashine zetu hazijaijua."

"Saratani anaijua, kutembea hajui?"

Wakacheka tena, safari hii kwa adabu.

Tusekile Mwaipaja, mkufunzi wa mbwa aliyeshika kamba ya Sembe, alikuwa na jibu. Sembe alitembea vizuri kuliko mbwa yeyote wa kitengo, ila leo sakafu ilikuwa imepakwa dawa ya kung'arisha. Tusekile aliisikia harufu yake tangu mlangoni, nta na mafuta ya taa, harufu ya sebule ya nyumbani siku ya Krismasi. Mzee Luvanda, msimamizi wa usafi, ndiye aliyeipaka alfajiri. Hakuagizwa na mtu. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuona mgeni rasmi akipokelewa kwenye sakafu ambayo haijang'arishwa, na hakutaka aibu hiyo ianzie kwake. Sakafu hai, ile ya kioo inayokula uchafu kwa mwanga, ilihitaji nusu siku kuila nta ile. Mgeni aliwahi.

Hayo yote Tusekile aliyajua. Yalipanda hadi kooni, yakakaa hapo hapo. Chuoni alipata alama za juu katika kila mtihani wa kuandika, na katika ile ya mdomo walimu walimwambia, "Ongea, Mwaipaja, hatukuli." Alichoweza kufanya sasa ni kupiga magoti, kumfunika Sembe kwa koti lake, na kusikiliza wakubwa wakizungumza juu ya kichwa chake.

"Nimelisema hili tangu masika," alisema Mhandisi Hyera, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukata. "Tumwekee nyuzi za mgongoni. Mbwa mwenzake, Kamanda, tumemwekea, na tangu siku hiyo hajateleza."

"Jumatatu inawezekana?" Daktari Mligo aliuliza.

"Jumatatu asubuhi."

Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Sakafu ilikuwa imepakwa nta kwa heshima yake, na mbwa ndiye aliyekuwa anapelekwa kisuni.

*

Banda la mbwa lilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, na chini pake palikuwa na saruji ya kawaida, kavu, yenye kukwaruza. Huko Sembe alitembea kama mwenye nyumba.

Tusekile alimlaza ubavu, akamfunga ukucha, kisha akachukua mkasi mdogo na kuanza kupunguza manyoya yaliyoota kati ya vidole, upande wa chini. Mbwa mwenye manyoya marefu nyayoni ni sawa na mtu aliyevaa soksi kwenye vigae. Kucha nazo alizipunguza. Mbwa akiogopa kuteleza hutoa kucha zote apate kushikilia ardhi, na kwenye kioo kucha hazishiki kitu. Zinamwinua tu, nyayo zake laini zinaachana na sakafu, na kadiri anavyozidi kujishikilia ndivyo anavyozidi kwenda. Hofu yenyewe ndiyo inayomwangusha.

Mzee Luvanda alibisha hodi, kofia mkononi.

"Binti, nimekuja kuomba radhi."

"Kwangu au kwa Sembe?"

"Kwa mwenye mguu." Akachuchumaa, magoti yakalia. "Sembe, mama, nisamehe. Nilitaka ung'ae mbele ya wakubwa."

Sembe akamlamba kiwiko.

"Yeye kasamehe," Tusekile alisema. "Mimi bado."

"Ninyi Wanyakyusa kinyongo mnakifuga kama ng'ombe."

"Na ninyi Wabena mngempaka nta hata ng'ombe mwenyewe, mkisikia mgeni anakuja."

Walicheka wote wawili, na ilikuwa afadhali, kwa sababu baada ya hapo mzee aliweza kusema kilichomleta. "Nimekwenda kwa daktari nikamwambia ni mimi. Unajua Mhandisi kanijibu nini? Leo ni nta ya mzee, kesho ni mkojo wa mtoto, kesho kutwa supu. Utelezi hauishi."

Hyera hakusema uongo. Chui, mbwa wa kwanza wa kitengo, alivunjika nyonga kwenye sakafu kavu kabisa, hakuna nta wala supu. Walikuwa wamejaribu kila kitu. Mikeka ya mpira iliwafaa mbwa, lakini sakafu hai hula kile inachokigusa kwa mwanga, na chini ya mkeka mwanga haufanyi kazi. Ndani ya muda mfupi huko chini kulikuwa na maisha ya vijidudu ambayo hospitali nzima ilijengwa kuyazuia. Soksi zilizunguka miguuni, mbwa wakawa wanatembelea visigino vya kitambaa. Dawa ya kunata ya kupaka nyayoni ililiwa na sakafu kabla mbwa hajafika kona ya kwanza.

"Hizo nyuzi zinauma?" mzee aliuliza.

"Haziumi. Ni nyembamba kuliko unywele. Zinalazwa kando ya uti wa mgongo, zinaota, zinashikana na mishipa. Sakafu inaongea nazo. Inajua wapi pana maji na wapi pakavu, kisha inaamua kila mguu ukanyage wapi."

"Na zikishaota, zinatoka?"

"Hazitoki."

Mzee Luvanda alimkuna Sembe nyuma ya sikio, akifikiri. "Haziumi, na mbwa haanguki. Sasa wewe kinachokuliza ni nini?"

Tusekile hakujua kwamba alikuwa analia. Alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Sijui, mzee. Ngoja nikamwangalie Kamanda vizuri."

*

Foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa ndefu, kama kila siku. Mlangoni kila mtu alivua viatu vyake na kupewa vya hospitali, vyenye kunata, na watu walikaa kwenye mabenchi wakiwa na vifurushi mapajani, miguu yote sawa kama ya wanafunzi.

Kazi ya mbwa ilikuwa kupita mbele ya mabenchi hayo taratibu. Hakubweka, hakukwaruza mtu. Akikutana na harufu aliyofunzwa, alikita miguu yote minne na kukataa kwenda mbele, hata avutwe. Wakufunzi waliita kusimama huko kauli. Hakuwa na nyingine.

Kamanda alitokea mwisho wa ukumbi, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, na Tusekile aliyemjua tangu akiwa mtoto alishangaa. Alitembea kwa uzuri wa kutisha. Kila mguu ulitua kwa pembe yake, bila haraka, bila kusita. Mtoto alikuwa amemwaga uji. Miguu ya Kamanda ikauzunguka kabla macho yake hayajauona.

"Ona," alinong'ona Mhandisi Hyera aliyekuwa amesimama kando. "Ona hiyo."

Kamanda alipita mbele ya mzee mwenye bakora, akapita mbele ya wanandoa waliogombana kimyakimya, akafika kwa mama wa makamo aliyepakata kikapu cha parachichi. Hapo pua yake ilitanuka. Masikio yakasimama, mkia ukakakamaa. Kichwa kikageuka kumwelekea yule mama.

Miguu ikaendelea.

Ikaendelea kwa mwendo uleule mzuri, huku shingo ikizidi kujipinda nyuma, hadi mbwa akawa anatembea mbele na kutazama alikotoka. Alitoa mlio mdogo, wa mtoto anayebebwa kuondolewa mahali anapotaka kubaki. Kisha kona ikamficha.

Watu kwenye mabenchi waliendelea na mazungumzo yao. Mama wa parachichi alimfuta vumbi mjukuu wake aliyekaa kando.

"Umeona?" Tusekile aliuliza, na sauti ilitoka.

"Nimeona hatua safi."

"Kichwa, Mhandisi. Alitaka kusimama."

Hyera hakuwa mtu wa kudanganya. "Inawezekana ni parachichi."

"Kamanda hali parachichi."

"Basi tutaongeza kihisi cha shingo. Kichwa kikigeuka, mfumo unasimamisha miguu."

"Na siku akitaka kusimama bila kugeuza kichwa?"

"Tutaongeza kingine."

"Mpaka vihisi viwe vingapi ndipo tumruhusu tu asimame mwenyewe?"

Hyera alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na Tusekile akakumbuka kwamba siku ya Chui, sindano ya mwisho ilipochomwa, kichwa cha mbwa yule kilikuwa kwenye mapaja ya mwanamke huyu. "Usifikiri ni wewe peke yako unayewapenda," Hyera alisema. "Niliisikia ile nyonga ikivunjika. Nyuzi nilizianza jioni ileile. Nimeapa sitausikia tena mlio ule. Wewe unanipa nini badala yake?"

Tusekile alikwenda kwa mama wa parachichi, akamwamkia, na kwa maneno yaliyokanyagana akamwomba akatoe damu, hata kama alikuja kwa ajili ya jino. Mama aliogopa kwanza, kisha akaenda. Majibu ya mashine yangechukua wiki kadhaa. Ndiyo sababu hospitali ilikuwa na mbwa.

*

Daktari Mligo alimsikiliza Tusekile hadi mwisho, jambo ambalo lilimfanya binti aone haya zaidi.

"Ukanda," alirudia. "Unataka tuikwaruze sakafu."

"Ukanda mwembamba tu, daktari, kando ya ukuta. Upana wa mbwa. Kioo kikikwaruzwa kinapata meno, nyayo zinashika. Sembe nitamfundisha kuutafuta mwenyewe. Ataenda polepole, lakini atakwenda kwa miguu yake."

"Na pale ulipokwaruza, sakafu imekufa. Haili tena."

"Nitapasugua kwa brashi na klorini. Asubuhi na jioni."

"Kama zamani."

"Kama zamani."

Daktari alivua miwani. Alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi katika jengo hili lilipokuwa bado la vigae na ndoo. "Shangazi yako aliyekulea aliingia hapa na mguu uliovunjika, akatoka kwenye jeneza. Homa ya wodi. Mimi ndiye niliyemtibu ule mguu, Mwaipaja. Mguu ulipona. Vigae vilisuguliwa kwa brashi na klorini, asubuhi na jioni." Akaivaa miwani tena. "Zamani ndiyo iliyomuua. Nenda ukapumzike. Jumatatu mlete mbwa mapema, asiwe amekula."

Tusekile alitoka bila kuaga.

Jumamosi na Jumapili alizitumia bandani. Alimfikiria shangazi, mikono yake yenye harufu ya majani ya chai, na kila mara hoja yake mwenyewe ilivunjika. Angekuwa amelala wodini leo, ningethubutu kupitisha ukanda mchafu karibu na kitanda chake? Hapana. Au labda ndiyo, kama angekuwa ndiye mama wa parachichi. Hakupata jibu lililotulia. Alilopata ni jambo dogo zaidi: kwamba Daktari alikuwa ameamua, Mhandisi alikuwa ameamua, na yeye Tusekile alikuwa anatafuta namna ya kuamua, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyeketi kwenye yale mabenchi. Walioyaweka maisha yao juu ya sakafu ile hawakuwa wameulizwa kitu.

Mbwa peke yake ndiye aliyejaribu kusema, na tulikuwa tunaandaa chombo cha kumzuia, aliwaza. Hasira ilimjia taratibu, kama joto la jiko la mkaa. Hakuwa ameizoea. Aliikalia hadi asubuhi, isizimike.

*

Jumatatu foleni ilipojaa, Tusekile aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Mkono mmoja alikuwa na Sembe, aliyekuwa ameshiba, na mwingine ndoo yenye brashi, chupa ya klorini na mafungu ya msasa. Alivua viatu na kukataa vya hospitali. Akamwambia Sembe akae kwenye kizingiti cha saruji, akaenda hadi ukutani, akapiga magoti kando ya foleni, na kuanza kukwaruza.

Sauti ilikuwa mbaya, ya jino na bati. Kila alipopitisha msasa, mwanga wa buluu ulizimika na sakafu ikawa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kisha ukumbi mzima ukaanza kulia, mlio mrefu wa chini, na mistari myekundu ikawaka kutoka ukuta hadi ukuta.

Mlinzi alikuja mbio. "Dada Tuse! Unafanya nini?"

"Nakwaruza sakafu, Kaduma."

"Naona! Lakini kwa nini?"

"Niitie Daktari Mligo. Na Mhandisi. Mimi siondoki."

Kaduma alimtazama msichana ambaye kwa miaka yote alimsalimu kwa kutazama chini, akaona hawezi kumshika mkono. Akaenda kuita.

"Huyo binti kachanganyikiwa," alisema mtu kwenye benchi.

"Wala. Huyo ni wa mbwa."

"Sakafu ya mabilioni hiyo!"

"Kwani kaingia na pesa zako?"

Tusekile alisimama. Nyuso zote zilimgeukia. Safari hii hakutazama chini.

"Kamwene," alisema, akiwasalimu kwa salamu ya huko.

"Kamwene," foleni ikajibu, kwa mazoea tu.

"Naitwa Tusekile. Nawafundisha mbwa wanaowanusa. Mbwa akisimama mbele yako, anasema una ugonjwa. Lakini anateleza kwenye sakafu hii, anavunjika. Leo wanataka kumwekea huyu mbwa wangu kitu mgongoni ili sakafu imtembeze. Hatateleza tena. Lakini hataweza kusimama mpaka sakafu imruhusu. Ijumaa nimemwona mwenzake akipitishwa mbele ya mtu, anataka kusimama, miguu inakataa." Alivuta pumzi. "Mimi nasema tubadilishe sakafu, tusimbadilishe mbwa. Nikikwaruza hapa, mbwa atatembea. Ila hapa nilipokwaruza, vijidudu vinaweza kukaa. Nitasugua kila siku kwa mkono. Naweza kukosea. Shangazi yangu alikufa humu kwa homa ya wodi, kwa hiyo silisemi kwa mzaha. Ninyi ndio mnaolala humu. Nawauliza."

Mlio wa sakafu uliendelea.

"Mimi nina kongosho moja tu," alisema mzee mmoja mwenye koti la suti juu ya kaptura. "Kwaruza."

Watu wakacheka. Mama mwingine akapaza sauti: "Kwani kabla ya hizi sakafu za kuwakawaka hatukuzaa? Kwaruza, mwanangu!"

"Wewe ulizaa, wengine walizika," alijibu mwanamke kijana aliyekuwa amembeba mtoto kifuani, mguu wa mtoto umefungwa bandeji. Alisimama. "Dada, mimi sikubali. Mwanangu ana kidonda kilichochimba mpaka mfupa. Tunalala wodi ya watoto. Sitaki mchubuko wa sakafu hata mmoja karibu naye. Utanisamehe."

Kicheko kilikatika. Tusekile alimtazama mtoto, macho makubwa, kidole mdomoni. Ingekuwa rahisi kuwaachia wale wengine wamnyamazishe.

"Usiniombe msamaha," alisema. "Una haki. Ukanda hautafika wodi ya watoto."

"Na mbwa?"

"Mbwa naye hatafika."

"Kwa hiyo watoto hawatanuswa."

"Hawatanuswa. Ni hasara, na naiona. Lakini sitakulazimisha uiache hofu yako, kama nisivyotaka wailazimishe miguu ya Sembe."

Mwanamke yule alifikiri, akaketi. "Basi kwaruza upande ule," alisema kwa sauti ndogo. "Mbali na mlango wetu."

Daktari Mligo na Mhandisi Hyera walikuwa wamesimama nyuma ya mabenchi, hakuna aliyejua tangu lini. Koti la upasuaji lilikuwa tayari limefungwa mgongoni mwa Hyera.

"Umemlisha," alisema Daktari.

"Uji na dagaa, daktari."

"Nilikwambia asile."

"Nilisikia."

Ukanda ulikuwa umefika benchi la katikati tu. Tusekile aliusugua kwa klorini, akaukausha, akarudi kizingitini na kumfungua Sembe kamba. Watu wakajivuta kutoa nafasi.

Sembe aliweka mguu mmoja kwenye ukanda, akauondoa.

"Anasita," alisema Hyera.

"Ana sababu ya kusita."

Sembe alinusa zile alama nyeupe. Alimtazama Tusekile, akatazama mbele, akaketi. Foleni ilianza kunong'ona. Mtu mmoja alipiga mluzi wa kumwita, Tusekile akamwinulia kiganja: hapana. Hakumwita, hakumvuta, hakumwonyesha kipande cha nyama alichokuwa nacho mfukoni. Kama ungekuwa uamuzi wa Sembe kutokwenda, basi ungekuwa wa Sembe, na Tusekile angeaibika mbele ya watu wote hawa. Alikuwa tayari kuaibika.

Sembe aliinuka. Akakanyaga. Mguu ulishika.

Hakutembea kwa uzuri. Alitembea tumbo likiwa chini, mgongo umepinda, mguu wenye ukucha uliofungwa akiutua kwa tahadhari. Mara mbili mguu wa nyuma ulitoka nje ya ukanda ukateleza, na mara mbili alisimama, akaurudisha, akaendelea. Alimpita mzee wa kaptura, ambaye alifumba macho na kufumbua baada ya mbwa kupita. Alikinusa kikapu cha mtu, akapiga chafya. Kufika benchi la katikati mkia wake ulikuwa umeanza kuinuka.

Hapo ukanda uliisha. Mbele palikuwa na kioo kitupu, kikiwaka nyekundu. Sembe alikita miguu yote minne.

"Mvute aje," alisema Daktari Mligo.

"Simvuti."

"Mwaipaja, nusu ya ukumbi bado."

"Nimeona, daktari. Amesema hapaendeki, na mimi nimemwelewa. Ukitaka aende, huna budi kuibadilisha sakafu."

Daktari Mligo aliutazama ule ukanda mweupe uliokufa kando ya ukuta wa hospitali yake. Alimtazama mama mwenye mtoto. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemkumbuka mgonjwa kwa jina.

"Homa ikirudi," alisema, "sitasema sikujua. Nitasema tulikwaruza."

"Sema nilikwaruza mimi."

"Tulikwaruza, nimesema." Aligusa kifaa cha sikioni. "Chumba cha upasuaji. Zimeni taa, hatuji."

Foleni ikapiga makofi, lakini Tusekile alikuwa anamtazama Hyera. Mhandisi alikuwa amevua viatu vya kunata. Alikanyaga ukanda kwa miguu mitupu, akasogeza unyayo mbele, akausogeza kando, akafanya tena. Midomo yake ilikuwa imebana.

"Bado naamini ataanguka," alisema.

"Anaweza kuanguka."

"Na Kamanda? Zake hazitoki."

"Zake hazitoki," Tusekile alikubali. "Kwa hiyo utazifundisha zinyamaze akitaka kusimama. Utaanza leo."

Hakuna aliyewahi kumwamuru Mhandisi Hyera mbele ya watu. Hyera akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo.

"Umekwaruza kwa urefu," alisema. "Mbwa anakwenda huku, na mistari yako inakwenda naye, ndiyo maana mguu wa nyuma ulitoka. Kwaruza kwa upana. Mistari imkatize."

Tusekile alipiga magoti mbele ya kucha za Sembe, ambaye hakusogea hata kidogo. Aligeuza msasa kwa upana, akaegemeza uzito wake wote, na sakafu ikalia tena.

"Kelele hizo zinazimwa wapi?" Kaduma aliuliza.

"Ziache," alisema Tusekile. "Ilie tu. Mimi bado sijamaliza."